Shaka wa ile tamthilia ya 1986, ni steringi au ni adui?

Mfaranyaki
Wakuu salama? Kuna kitu kinanisumbua wiki nzima hii. Nimekaa na mdogo wangu wa form two tukamaliza Shaka Zulu yote, ile ya 1986 ya mfalme wa Wazulu wa Afrika Kusini aliyocheza Henry Cele, vipande kumi. Mimi niliionaga utotoni kwa jirani kwenye deki ila wakati ule nilikuwa naona mikuki na ngao tu basi. Sasa tumefika pale mama yake Nandi anafariki, watu wanauawa kwa sababu hawajalia vya kutosha, dogo akanigeukia akauliza kaka kwani huyu Shaka ni steringi au ni adui? Nikakosa jibu aisee. Maana mwanzo wote nilikuwa upande wake, mtoto amefukuzwa na baba yake Senzangakhona, anachekwa na watoto wenzake kule Langeni kwa ukoo wa mama yake, mama anahangaika naye toka ukoo huu hadi ule, mtu unatamani akue haraka aje awaoneshe. Halafu anakua, anawaonesha kweli, na mimi nikawa nashangilia, sasa ile hasira niliyoishangilia ndo hiyo hiyo inakuja kuua watu wasio na kosa lolote. Je ni mimi nilidanganywa na tamthilia au ni yeye alibadilika katikati? Nyie mnampimaje?

Mama Tuli
Mdogo wangu mimi hiyo tamthilia nimeiona mara tatu na kila nikirudia namhurumia kidogo zaidi na kumsamehe kidogo zaidi, ila hapo kwenye msiba nagoma. Kilichosimuliwa ni kwamba baada ya Nandi kufariki mwaka 1827 amri ikatoka watu wasilime, maziwa yasinywewe, mwanamke akikutwa na mimba auawe yeye na mumewe, mpaka ng'ombe wenye ndama wakachinjwa eti ndama nao wajue kufiwa na mama kunakuwaje. Mimi nimezika mama. Najua ile hali ya kutaka dunia nzima isimame, unaona watu wanacheka barabarani unawashangaa wanachekaje. Kwa hiyo uchungu wake naujua kabisa siuiti uongo. Lakini sisi wengine tukifiwa tunalia tu kwa sababu hatuna cha kufanya, yeye alikuwa na jeshi, na hapo ndo namjua mtu, pale ambapo hakuna wa kumkatalia anafanya nini? Utoto wa mateso unanieleza hasira imetoka wapi, haunielezi kwa nini mama mwingine mjamzito wa kijijini alipie. Na sidhani alibadilika. Alivyoingia madarakani si alianza na waliomnyanyasa yeye na mama yake, sisi tukaona sawa tu kwa sababu tulikuwa tunawachukia wale watu.

Mwalimu Mstaafu
Wanangu nawasoma. Nilifundisha historia miaka mingi, naomba mniruhusu nirefushe kidogo. Kabla hujampima Shaka mpime kwanza anayekusimulia. Mmeona ile hadithi inaingia kwa mlango wa nani? Inaingia kwa wazungu, Luteni Farewell na Henry Francis Fynn, waliofika pale Port Natal mwaka 1824 wakitafuta pembe za ndovu na ardhi. Tunamwona Shaka kwa macho yao. Hayo mambo ya msiba aliyosema Mama Tuli, pamoja na ile hesabu ya watu 7,000 waliouawa, yametoka kwa huyo Fynn, na maandishi yake ya kwanza yalipotea, alikuja kuandika upya kwa kumbukumbu miaka mingi baadaye, kitabu kimetoka 1950 mwenyewe ameshakufa zamani. Mwenzake Nathaniel Isaacs ndo kabisa, ipo barua yake ya mwaka 1832 anamshauri Fynn awaoneshe wafalme wa Kizulu kuwa watu wa kumwaga damu kadiri atakavyoweza, maana kitabu kitauzika na ile nchi nao wanaitaka. Halafu tamthilia yenyewe imetengenezwa na shirika la utangazaji la serikali ya makaburu, mwaka 1986, nchi iko kwenye hali ya hatari. Mfalme mweusi mwenye akili nyingi lakini asiyezuilika, jiulizeni picha hiyo ilimfaa nani mwaka ule.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi hakuua. Wazee wa Kizulu wenyewe waliohojiwa na James Stuart, ofisa wa kikoloni kule Natal, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 wanamsifia na kumlaumu humo humo, wanataja vita alivyoshinda na watu aliowaua bila sababu. Ila wao wakimtaja unasikia wanamtaja mtu wao, hawamtaji mnyama wa ajabu waliyekutana naye porini.

Mjukuu wa Nkosi
Mwalimu shikamoo. Mimi ni Mngoni wa Songea naomba niongee kama mtu wa familia, maana sisi hatukumjua Shaka kwa deki. Zwangendaba, kiongozi wetu wa safari, alikuwa upande wa Zwide, mfalme wa Wandwandwe waliokuwa mahasimu wa Shaka, walipopigwa na Shaka mwaka 1819 hivi ndo safari ikaanza, wakavuka Zambezi mwaka 1835 siku jua lilipopatwa, wakafika hadi Ufipa na Zwangendaba akafia huko, baadaye ndo makundi mengine yakashuka Songea. Kwa hiyo babu alikuwa anamtaja Shaka kama aliyetutoa kwetu, na hapo hapo anajisifu kwa mbinu zake, ule mkuki mfupi wa kuchomea, ile pembe ya ng'ombe ya kuzunguka adui, vyote tulitembea navyo. Yaani tulimkimbia huku tumembeba. Na bibi yangu mzaa mama sasa ni Mndendeuli, watu tuliowakuta huku tukawapiga tukawaingiza jeshini tukawaita sutu, babu akianza hizo sifa bibi alikuwa ananyanyuka anaenda jikoni bila kusema neno. Mimi nikiulizwa mfalme wa vita alikuwa mtu gani namkumbuka bibi. Hapo kwenye tamthilia ndo naona pengo, kuna wafalme, kuna wazungu, kuna mama wa mfalme, wale waliovamiwa wanaonekana wakikimbia tu, hakuna hata mmoja aliyekalishwa chini akaongea dakika tano.

Kamanda wa Kitaa
Mimi nitasema fupi, nampima kwa jeshi lake. Mwaka 1828 kalituma kusini kwa Wampondo, wanarudi wamechoka hata hawajafika kwa wake zao kawageuza kaskazini wakamfuate Soshangane, kiongozi mwingine wa Wandwandwe aliyekimbilia huko, kupumzika hakuna. Jeshi likiwa huko ndo Dingane na Mhlangana na Mbopha wakammaliza mwezi wa tisa, ndugu zake na mtu wa nyumbani kwake. Huyu ndo aliyejenga nidhamu ile yote na mwisho akashindwa kujua mtu amechoka. Kwa hiyo Mfaranyaki mimi naona alibadilika, Shaka wa mwanzo alikuwa anawajua askari wake.

Mfaranyaki
Asanteni sana wakuu, Mwalimu shikamoo na wewe. Jana usiku tumerudia kile kipande cha msiba mimi na dogo, safari hii nikamwambia usisikilize maneno, muangalie Henry Cele usoni tu. Yule baba alikuwa golikipa wa mpira kabla ya kuigiza sijui kama mlikuwa mnajua, ana mwili wa kutisha lakini macho yake pale yananivunja kabisa, naamini yeye alimpenda Shaka kuliko waliomwandikia maneno. Dogo akasema kaka mimi namuonea huruma ila nisingetaka kuzaliwa kijijini kwake. Halafu akaniuliza yule bibi wa Kindendeuli alikuwa anaenda jikoni kufanya nini. Mjukuu wa Nkosi naomba uje umjibu mwenyewe, maana amekaa hapa pembeni yangu anasubiri.

Mjukuu wa Nkosi
Mwambie alikuwa anachochea moto hata kama hakuna kitu jikoni. Na babu alikuwa anamsubiri arudi ndo aendelee na maongezi mengine.