Mbwa mdogo na pembea ya ajiliti: mashindano ni wikiendi hii, nisaidieni

FundiBelAir – Jumatatu jioni

Jambo yenu wote. Nawaomba ushauri ninyi mnaokimbia na mbwa wadogo kwenye ajiliti, ule mchezo wa kumwongoza mbwa apite vizuizi kwa mbio. Hapa Lubumbashi kila ninayemwuliza ana Malinois, yule mbwa mkubwa wa Kibelgiji, au mbwa wa Kijerumani wa kulinda lango, na majibu yao hayamfai mbwa wangu.

Anaitwa Kibiriti. Ni jike wa miaka 2, manyoya ya kahawia, kifua cheupe, begani ana sentimita 27 na uzito wake ni kilo 4 na kitu. Mamake alikuwa wa jirani yangu wa zamani kule Kalubwe, baba hatumjui. Jumamosi na Jumapili hii kuna mashindano kwenye uwanja wa nyasi upande wa Golf. Kundi letu la wafugaji limekubaliana kufuata sheria za FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, na mwamuzi anavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia kuja kwetu. Kibiriti atakimbia na wadogo, wale wasiofika sentimita 35, ambao fito za viunzi vyao huwekwa kati ya sentimita 25 na 30.

Kuruka hakunisumbui. Nguzo 12 za slalomu, zile za kupita kwa kupindapinda, anazipita vizuri nisipomharakisha pale anapoingia. Tuneli ndiyo roho yake. Kinachoninyima usingizi ni pembea, ule ubao unaoinama mbwa akipita juu yake.

Ile tunayofanyia mazoezi imetengenezwa kwa mbao ya mulombwa, nzito ajabu. Malinois akivuka katikati tu, ubao unashuka, pah, huyo ameondoka. Kibiriti akivuka katikati ubao hausogei. Anasimama. Anatazama chini, ananitazama, masikio yanalala nyuma. Halafu ubao unaanza kushuka taratibu, na ukifika nusu yeye anarukia pembeni. Najua kutoka kabla ubao haujagusa chini ni adhabu ya pointi 5, lakini pointi si kitu. Mimi nahofia miguu yake, ni myembamba kuliko kidole changu.

Wapo wanaoniambia nimwache nyumbani, eti mchezo huu ni wa mbwa wa polisi. Nimemfundisha mwenyewe jioni baada ya kufunga cherehani, najua anachoweza. Nataka akimbie. Nifanye nini na ile pembea?

---

PapaKatuba – Jumatatu usiku

Mama, hongera kwanza. Wanaosema mchezo huu ni wa mbwa wa polisi hawajui ulikotoka. Ulianza mwaka 1978 London, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, kuburudisha watu kati ya shughuli moja na nyingine, na uliigwa kutoka kwa farasi wanaoruka viunzi. Haukuanzishwa kwa ajili ya ulinzi wala polisi. Leo wadogo wana daraja lao, wanashindana wao kwa wao.

Kuhusu pembea sina la kusema, mbwa wangu ni mzito. Usisahau tu kitabu cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na mzoeshe Kibiriti kupimwa begani na mtu asiyemjua. Wengine wanajikunja wakiona kile kipimo.

---

YayaMakomeno – Jumanne asubuhi

Mdogo wangu Fundi, nimekimbia na mbwa wa sentimita 30 tangu alipotimiza umri wa kushindana hadi alipozeeka, kwa hiyo nakuambia ninachokijua. Kibiriti haogopi urefu. Paa, zile mbao mbili zilizoegemeana anazopanda na kushuka, lina sentimita 170 pale juu, na hukulalamikia paa. Anachoogopa ni kitu kinachosogea chini ya miguu yake wakati asioutegemea.

Angalia ubao wenyewe. Una urefu wa mita 3 na sentimita 60 hadi 80, na umekaa juu ya mhimili katikati. Mbwa mwepesi akisimama hatua moja tu baada ya mhimili, uzito wake unafanya kazi kidogo sana. Kilo zile zile 4 zikifika kwenye ncha, ubao unakwenda chini mara moja. Kwa hiyo akisimama katikati kusubiri, ndipo anapoupata ule mshuko wa polepole unaomtisha. Malinois anaweza kusimama popote anapotaka. Wako lazima akimbie mpaka mwisho kabisa, miguu yote minne ndani ya ile sehemu iliyopakwa rangi kwenye ncha, ajishushe kidogo, ashuke na ubao mpaka ugonge chini, ndipo umpe ruhusa ya kuondoka. Hilo ndilo somo lote la pembea kwa mbwa mdogo, na watu wenye mbwa wakubwa hawatakufundisha kwa sababu wao hawalihitaji.

Namna ya kuanza: panga matofali chini ya ule upande unaoshuka, juu yake weka godoro kuukuu, ili ubao ushuke kiganja kimoja tu. Mpandishe, akimbilie ncha, mlipe pale pale kwenye ncha. Usimlipe akiwa ameshatua kwenye nyasi, maana utakuwa unamfundisha kwamba vitamu viko chini. Tumia kitu anachokipenda kweli. Wangu alikuwa akilipwa vipande vya ndakala, wale samaki wadogo wakavu, na hakuna mbwa niliyemwona akikataa ndakala. Akienda bila kusita, toa tofali moja. Akisita, rudisha tofali na usiseme neno. Kando na hapo, mchezeshe na mlio: ukiwa umeushika ubao, mwache aukanyage kwa miguu ya mbele ugonge chini, mlipe, tena na tena, mpaka ule mlio uwe ndio unaomletea chakula.

Sasa hiyo mbao ya mulombwa. Ubao mzito unachelewa kuanza, na ukianza unapiga chini kwa nguvu na kurukaruka. Sheria iko wazi: kilo 1 ikiwekwa katikati ya sehemu ya rangi ya upande unaoshuka, ubao uguse chini ndani ya sekunde 2 hadi 3. Nenda na pakiti ya sukari ya kilo 1, iweke hapo, hesabu mbele ya wenzako. Ubao ukikataa kushuka, aitwe seremala aurekebishe kabla ya Jumamosi, na hilo si upendeleo kwa mbwa wako. Ni haki ya kila mdogo atakayekuja.

Jambo la mwisho, nalo nalisema kwa uzito. Ijumaa ikifika na bado anaruka pembeni, usimpandishe Jumamosi. Pita pembea, uondolewe kwenye mzunguko huo, halafu ukimbie naye ule mzunguko mwingine wa kuruka, ambao hauna pembea, ubao wa daraja wala paa. Mbwa mdogo akiangushwa na pembea mbele ya watu, unaweza kumaliza mwaka mzima ukimrudisha pale juu.

---

FundiBelAir – Jumatano usiku

Yaya, Mungu akubariki. Tulikwenda na sukari. Kilo 1 ilikaa pale juu na ubao haukutikisika. Watu walinyamaza, kisha mmoja akasema mwenyewe kwamba ubao ubadilishwe. Seremala ameleta mwingine mwembamba, wenye upana wa sentimita 30 ule ule, amepaka rangi yenye mchanga ili usiteleze, na sukari ikaushusha ndani ya zile sekunde.

Matofali nimeyapanga nyumbani uani. Leo jioni Kibiriti amekimbilia ncha mwenyewe, akalala juu ya rangi kidevu kikigusa ubao, akasubiri ndakala. Nilitoa tofali moja akaendelea. Nilipotoa la pili akasita, nikalirudisha.

Naomba pia mniambie kuhusu mimi mwenyewe. Nikimbieje? Nikiwa mbele naogopa kumkanyaga, nikiwa nyuma anageuka kunitafuta.

---

KochaLikasi – Alhamisi mchana

Mama Fundi, njia ni ile ile kwa mbwa wote, kinachobadilika ni fito kushushwa. Pale Malinois anapopiga hatua moja kati ya viunzi, wako anapiga mbili au tatu. Ukigeuza bega kwa kipimo cha Malinois, wako anakuwa bado hajaruka, anakufuata wewe na kukiacha kiunzi. Huko ni kukataa, pointi 5, na mara ya tatu mnatolewa. Subiri mpaka uone macho yake yako kwenye ufito, ndipo ugeuke.

Usiiname. Nawaona wengi wenye mbwa wadogo wakikimbia wamejikunja, mkono karibu na nyasi. Mtu aliyeinama hakimbii, na yule mbwa hategemei sana mkono wala uso. Kutoka sentimita 27 anaona zaidi viatu na magoti. Vidole vya miguu yako vikielekea tuneli, ataenda tuneli, hata kama mdomo unasema paa. Simama wima, kimbia, elekeza miguu.

Wakati wa kukagua njia bila mbwa, piga magoti sehemu zile unazozitilia shaka na utazame kwa urefu wa macho yake. Julai hii nyasi zimekauka na zimesimama mafungumafungu. Kiunzi unachokiona vizuri wewe, kwake kinaweza kuwa kimefichwa na mguu wa paa. Hapo ndipo pa kumpa sauti mapema.

Kuhusu kumkanyaga: ukitaka kukatiza mbele yake, fanya hivyo akiwa ndani ya tuneli au kwenye slalomu, una muda wa kutosha. Akiwa hatua mbili nyuma yako usikatize kabisa.

---

DaktariWaMifugo_Kampemba – Alhamisi usiku

Naongeza machache. Asubuhi za Julai hapa kwetu ni baridi kali na mwili mdogo unapoa haraka. Avae fulana mpaka zamu yake inapokaribia, atembee, akimbie kidogo, aruke kiunzi kilichoshushwa. Asikae kwenye kizimba chake kisha aingie uwanjani moja kwa moja.

Mtazame goti. Mbwa wa umbo dogo wengi wana kifupa cha goti kinachohama mahali pake. Akikimbia halafu mguu mmoja wa nyuma ukajikunja kwa hatua chache na kurudi, hiyo ni dalili, msimamishe na umlete apimwe.

Chakula kingi apewe jioni ya kuamkia mashindano. Asubuhi kidogo tu, mapema. Na hakikisha ameshajisaidia kabla ya kuingia, kwa sababu akijisaidia ndani ya uwanja anatolewa. Ndakala zako pia zibaki nje ya kamba, chakula na mipira haviruhusiwi ndani.

---

FundiBelAir – Jumamosi usiku

Nimerudi. Mzunguko wa kuruka: hakuna kosa hata moja, na alikuwa ndani ya muda! Nilikimbia nimesimama wima, Kocha, na kwenye tuneli nilikatiza mbele nikamkuta anatoka akiwa tayari ananitazama miguu. Wale wa Malinois walipiga makofi, mmoja akaja kumshika Kibiriti kichwa na kuniuliza nilimfundishaje slalomu.

Mzunguko wenye pembea: Ijumaa alikuwa anaenda bila matofali na bila kusita, kwa hiyo niliamua kumpandisha. Ilikuwa imewekwa baada ya tuneli, na tuneli ilitoka kwa mshazari. Alifika kwenye ubao kwa upande, mguu wa nyuma ukakosa ukingo, akajirekebisha, akaendelea. Akafika kwenye ncha. Akajilaza. Ubao uligonga chini, na alikuwa bado yupo. Nilisahau hata kumwambia aondoke, alinisubiri mimi. Ufito mmoja ulianguka mbele, basi pointi 5, lakini pembea ilikuwa safi na nililia pale pale mbele ya mwamuzi.

Swali la kesho: mwamuzi anapanga njia mpya. Nikikuta tena pembea inaingiwa kwa upande nifanyeje? Ule mguu uliokosa ukingo bado nauona.

---

YayaMakomeno – Jumamosi usiku

Eeh mdogo wangu, na mimi nimelia huku Makomeno.

Kesho usimkimbilie kuelekea ubao. Anapotoka kwenye tuneli, wewe uwe umesimama upande wa pili wa njia, mbali na ubao kidogo, umwite jina mara moja. Atakuja kwako hatua mbili tatu, na hizo ndizo zitakazomnyoosha. Akishakuwa sawa na ubao, miguu yako ielekee ncha na uende naye. Utapoteza nusu sekunde. Ipoteze.

Asubuhi, kabla ya kukagua njia, waombe wenzako waweke sukari tena. Ubao unaweza kuwa umehamishwa usiku, na uwanja ule una mteremko.

---

FundiBelAir – Jumapili alfajiri

Sukari iko kwenye mfuko. Tunatoka sasa hivi, ana fulana yake na ameshajisaidia.