Naomba ushauri: filamu za mzazi na mtoto kubadilishana miili

Habari zenu wakuu. Mimi na binti yangu wa darasa la sita hatupatani siku hizi, isipokuwa tukikaa kuangalia vichekesho. Juzi tumeangalia Freaky Friday ya 2003, ya Jamie Lee Curtis na Lindsay Lohan. Tulivunjika mbavu pale binti, akiwa ndani ya mwili wa mama yake, anapopiga gitaa nyuma ya jukwaa huku mama mtu yuko mbele ya watu anajifanya ndiye anayepiga. Curtis kaigiza utoto bila kutia chumvi, hapo nampa heko.

Sasa anadai nyingine. Ile ya kwanza ya 1976, yenye Jodie Foster, nahofia ataiona ya kizee. Freakier Friday ya 2025 inavuruga watu wanne kwa mpigo, bibi akiwemo. Family Switch ya 2023 imemhusisha hadi mbwa! Mwenye kuziona, tuanze na ipi? Na Vice Versa ya 1988, ya baba na mwanawe, bado inachekesha? Mama mkwe huwa tunaangalia naye, kwa hiyo zenye mabusu mengi mnitahadharishe mapema.