Saa inanipongeza kila jioni, mizani haisogei

MamaKimara: Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Mume wangu kaninunulia saa ya kuhesabu hatua. Siku hizi nashuka basi la mwendokasi kituo cha Korogwe badala ya Kimara Mwisho, namalizia kwa mguu. Nikifika nyumbani inatetemeka: hatua 10,000, hongera, umechoma kalori 600. Basi na mimi najipongeza, naagiza zege (chipsi mayai) kwa simu, bodaboda analeta mpaka mlangoni. Juzi nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, sijanyanyuka hata kidogo, saa inaongeza hatua! Na ile programu ya kuandika chakula, nikitafuta wali wa nazi inaniletea wali mweupe wa kuchemsha. Suruali za kazini zinabana vilevile. Kuna aliyepungua kwa hivi vitu, au tunavaa urembo tu?

FundiSaa: Dada, saa inasoma mkono, haioni miguu. Mkono ukienda mbele na nyuma, kwake ni hatua. Mapigo ya moyo inajitahidi, ila kalori inakisia kwa umri, uzito na mapigo hayohayo. Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya mkononi, na hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kalori kwa wastani wa 27%. Hiyo 600 usiiweke kwenye bajeti. Na hatua 10,000 zilivumishwa na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa.

NesiMstaafu: Mwanangu, kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2016. Watu wote walipewa mpango wa mlo na mazoezi, baadaye nusu wakaongezewa kifaa cha kuvaa. Baada ya miaka 2, wenye kifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5, wasio nacho 5.9. Sikukatazi kutembea, kutembea ni dawa ya presha na sukari. Mimi nina ugomvi na hilo zege. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori kama 120, na muuza chipsi hapimi kwa kijiko.

Chalii_wa_R: Mimi nimepungua, ila siyo kwa saa. Nimefuta programu ya kuagiza msosi. Nikitaka chipsi nazifuata mwenyewe mpaka stendi, na mvua ikinyesha nalala na uji.

MamaKimara: Nesi, shikamoo yangu umeijibu kwa kunitoa zege mdomoni 😂 Sawa, zege litabaki la Jumamosi tu. FundiSaa, nikiivaa mguuni je, siku ya kukuna nazi?

FundiSaa: Kwenye kifundo cha mguu hatua inahesabu. Mapigo ndiyo usiyaamini.

MamaKimara: Mume wangu ataniuliza nimefungwa pingu na nani.