Von Steuben: kapteni aliyejiita jenerali. Tapeli au mwalimu?

Kitasa: Huyu baroni aliyewafundisha kwata Wamarekani katika vita vyao vya uhuru dhidi ya Waingereza, aliachishwa jeshi la Prussia, ufalme wa Kijerumani, mwaka 1763 akiwa kapteni. Mwaka 1777 yuko Paris, madeni shingoni, na barua ya Franklin, mjumbe wa Wamarekani huko, kwenda kwa Jenerali Washington, mkuu wa jeshi lao, inamtaja luteni jenerali wa Friedrich, mfalme wa Prussia! Kwetu asingevuka uhakiki wa vyeti.

Mzee wa Kwata: Kijana, alijeruhiwa vitani Prague 1757, akajeruhiwa tena Kunersdorf 1759, akatekwa na Warusi, halafu akawa msaidizi wa Friedrich mwenyewe. Na makovu nayo aliyaghushi?

Kitasa: Shikamoo mzee. Kovu si cheo.

Mwanaidi: Mnagombania nyota za begani. Mtu kafika Valley Forge, kambi ya jeshi la Washington, Februari 1778, kachukua askari kama mia, anawafundisha kwata yeye mwenyewe. Kiingereza hajui, anatukana Kijerumani na Kifaransa, yakimwishia anamwita msaidizi aje amtukanie kwa Kiingereza 😂. Hadi vyoo alipanga. Juni, kwenye mapigano ya Monmouth, wakasimama uso kwa uso na Waingereza.

Kitasa: Vyoo? Hiyo kazi ya bwana afya, si ya jenerali.

Bwana Afya Mstaafu: Rudia hapo. "Kazi ya bwana afya" ndiyo kazi gani? Jeshi lile lilizika karibu watu 2,000 katika miezi sita ya kambi, na waliowaua si Waingereza, ni maradhi. Steuben akaamuru jiko likae upande huu, choo upande wa pili, kwenye mteremko, mvua ikipiga uchafu ushuke zake bila kupita penye sufuria. Nimechimbisha vyoo miaka 31, sijawahi kuitwa jenerali.

Kitasa: Sikukutukana, mzee wangu.

Mwanaidi: Umemtukana. Omba radhi.

Mzee wa Kwata: Bwana Afya, na wanaokaa chini ya mteremko wanakunywa nini?

Bwana Afya Mstaafu: Ndiyo maana kwanza unauliza mto uko wapi, ndipo unashika jembe! Nyie wa kwata mnachimba popote gwaride liliposimamia.

Mzee wa Kwata: Kambini kwetu choo kilikuwa hatua hamsini, na hatukuugua.

Bwana Afya Mstaafu: Hatua za nani? Upepo ulivuma kutoka wapi?

Kitasa: Jamani, na kile cheo cha uongo?

Mwanaidi: Mei 1778 Kongresi, baraza la Wamarekani, ilimpa umeja jenerali wa kweli. Pisha, wazee wako chooni.