Mama kaandikiwa dawa ya mifupa ya kila wiki, shangazi anasema inaozesha taya. Tumpe au tuache?

Mwana_wa_Ujiji:
Wakuu habari za majukumu, naombeni ushauri maana hapa nyumbani tumegawanyika kabisa. Mama yangu ana miaka 68 tunaishi naye Ujiji. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, tukachukulia ni ajali kama ajali zingine, akafungwa POP maisha yakaendelea. Sasa juzi kati kainama kunyanyua ndoo ya maji, tena ile ndogo ya lita 10, akasikia kitu kimekatika mgongoni, kupigwa picha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Daktari kasema mifupa imekuwa dhaifu, kamwandikia alendroneti miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki, na kalsiamu na vitamini D.

Shangazi yuko Dar, kasoma huko mitandaoni katupigia simu mbio mbio kwamba hiyo dawa inaozesha taya na inafanya mfupa wa paja ukatike wenyewe, tusithubutu. Dada anasema apewe leo leo. Mimi ndo nanunua dawa kwa hiyo nasubiriwa niamue. Mama ana gego bovu linamsumbua muda mrefu, na kiungulia cha hapa na pale. Halafu dagaa anakula karibu kila siku, sasa najiuliza hiyo mifupa imeisha vipi? Aliyewahi kutumia au mtaalamu naomba anisaidie.

Mtoto_wa_Gungu:
Pole sana mkuu. Bibi yangu alianza hivyo hivyo, mgongo ukawa unapinda tu tukasema uzee, tukaja kushtuka nyonga imevunjika. Nyonga kwa mzee ni habari nyingine, hakutembea tena. Msikilizeni daktari.

Tiba_Asili_Kgm:
Achana na makemikali mkuu, huyo mama apewe unga wa mlonge na dagaa asage na mifupa yake, miezi mitatu anabeba ndoo ya 20. Unga ninao, njoo PM.

Mfamasia_TBR:
Mkuu hapo juu usimpe mtu matumaini hayo kwa mama aliyeshabonyea pingili. Dagaa ni chakula kizuri kweli, ukiwala wazima na mifupa yao unapata kalsiamu, aendelee nao. Lakini mwanamke akikoma hedhi homoni inayolinda mifupa inashuka, mfupa unaliwa haraka kuliko unavyojengwa, na chakula peke yake hakirudishi kilichoondoka. Dawa hii kazi yake ni kupunguza huo ulaji.

Mleta uzi, swali lako la tumpe au tuache lina majibu ya namba. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 1996, ulichukua wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili iliyobonyea kama mama yako, ukawafuatilia kama miaka 3. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 15 katika kila 100 picha zilionyesha pingili mpya imevunjika. Waliopewa alendroneti ni 8. Nyonga ilishuka kutoka kama 2 katika 100 mpaka 1. Kwa hiyo sio kinga ya asilimia mia, ila inapunguza karibu nusu, na kwa mtu aliyeshavunjika mara mbili hiyo nusu ni kubwa.

Sasa taya. Shangazi hajatunga, lipo. Ila kwa wanaomeza vidonge kwa ajili ya mifupa dhaifu makadirio ni mtu 1 kati ya 10,000 mpaka 1 kati ya 100,000 kwa mwaka. Zile habari za kutisha nyingi ni za wagonjwa wa saratani wanaochomwa dawa za jamii hii kwa dozi kubwa na mara nyingi zaidi. Kinachoniumiza kichwa mimi ni hilo gego, maana tatizo la taya mara nyingi linaanzia pale jino linapong'olewa mtu akiwa tayari yuko kwenye dawa. Litolewe KWANZA, kidonda kifunge, ndo aanze.

Paja nalo ni kweli, ni nadra, na linaongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyokwenda. Ndo maana baada ya miaka kama 5 daktari anakaa anaangalia upya kama apumzike. Akianza kusikia maumivu ya paja au kinena yasiyoeleweka asivumilie, arudi hospitali akapigwe picha.

Kabla ya yote ulizeni kama wamepima figo na kalsiamu kwenye damu, na kama wamehakikisha hiyo pingili sio kifua kikuu cha mgongo au saratani. Huku kwetu TB ya mgongo ipo.

Mwana_wa_Ujiji:
Ubarikiwe sana mkuu. Figo wamepima ziko sawa, TB wameshaiangalia hakuna. Na kiungulia je? Halafu mama ni mtu wa swala na kufunga, nimeambiwa dawa ina masharti.

Mfamasia_TBR:
Masharti yake ndo yanawashinda wengi. Anameza asubuhi tumbo tupu na glasi nzima ya maji matupu, sio chai, sio uji, sio maziwa, kisha nusu saa nzima hali kitu, halali, HAINAMI. Kidonge kikikwama kooni kinachoma. Kwa hiyo aswali alfajiri kwanza, amalize rakaa zake, ndo ameze akae kwenye kiti, maana akimeza kabla ya swala ile kusujudu inarudisha dawa juu. Ramadhani siku ya kidonge aamke mapema, ameze, ipite nusu saa ndo ale daku. Kalsiamu anywe baadaye na chakula, wasigongane. Kama mgongo bado unauma kiasi kwamba hawezi kukaa wima nusu saa, au ana vidonda kooni, asimeze, mwambieni daktari abadilishe.

Mama_Sikonge:
Mama mkwe wangu vidonge vilimshinda kwa ajili ya koo, akawekewa dripu ya zoledroniki, hiyo ni mara moja kwa mwaka. Siku mbili za kwanza homa na mwili kuuma kama malaria, akanywa panadol ikaisha. Kwa mzee anayesahau vidonge naona imetusaidia sana.

Kaka_Kasulu:
Kuna sindano ya chini ya ngozi ya kila miezi 6 pia, denosumabu, hiyo haina habari ya koo kabisa. Mwambie shangazi awe anaituma kutoka Dar.

Mfamasia_TBR:
Hiyo ni dawa nzuri ila mimi kwa mtu wa Kigoma ningefikiria mara mbili. Inataka ubaridi njia nzima, na mbaya zaidi ukiikatisha bila kuweka dawa nyingine mifupa inashuka kwa kasi, watu wamevunjika pingili kadhaa kwa mpigo. Sindano haitakiwi kuchelewa zaidi ya mwezi. Alendroneti inabaki kwenye mfupa miaka, akikosa wiki moja hakuna balaa. Kama huna uhakika wa sindano ijayo kupatikana na hela yake, usiianze.

Mwana_wa_Ujiji:
Nimemsomea mama yote haya kwa sauti na shangazi akiwa kwenye simu, kakubali. Jumatatu nampeleka kwa daktari wa meno, na bafuni nimeshaondoa ile sakafu ya utelezi nikapiga ya kukwaruza, nimeweka na bomba la kushikilia. Kalsiamu na vitamini D aendelee navyo wakati tunasubiri kidonda cha jino?

Mfamasia_TBR:
Ndiyo, hivyo aendelee. Na huyo wa meno mwambieni mapema kwamba mnataka kuanza alendroneti, akague kinywa chote, kama kuna jino lingine la kutoka litoke sasa hivi.