Naanza tiba ya kiwewe Jumatano, naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa. Mwaka jana basi nililopanda lilipinduka, mwili umeshapona ila mpaka leo nikisikia breki za lori natetemeka, usiku nashtuka nimelowa jasho, na kwenye daladala lazima nikae karibu na mlango la sivyo nashuka. Nimeombewa, nimejikaza kiume, nikanunua na vidonge vya usingizi duka la dawa (najua, msinigombeze) wapi. Sasa daktari kanipa rufaa kwa mnasihi, kasema tutaanza na kupumua na kujituliza, stori ya ajali baadaye.

Mliopitia, nikimwambia hapa inatosha kwa leo atanielewa kweli? Na baada ya sesheni mtu unaweza kurudi kazini siku hiyohiyo au niombe ruhusa kabisa?