Tupeane uzoefu: siku Linux ilipogoma kutoa picha, kioo kikabaki cheusi tii

Kandambili
Wakuu, salaam. Jana saa nne usiku mdogo wangu kanipigia kutoka Dodoma, sauti imekauka, nikajua kuna msiba. Kumbe Ubuntu, ile Linux anayotumia badala ya Windows. Kaweka draiva ya Nvidia (programu inayoendesha kadi ya picha), kazima, kawasha. Nembo ikaja, ikapotea, kikabaki kioo cheusi na kale kastari kanakopepesa juu kushoto. Na Jumatatu anawasilisha kazi ya mwaka wa mwisho.

Nilicheka kwanza, maana kale kastari nakafahamu, tumeshawahi kukesha pamoja. Mwaka 2016 nilinunua mtumba Kariakoo, Dell Latitude E6420, ile yenye kadi mbili, Intel na Nvidia NVS 4200M. Muuzaji akanisifia "hii ina grafiksi" kama anauza ng'ombe wa maziwa. Nikashusha draiva kwenye tovuti ya Nvidia wenyewe, lile faili la .run, kwa bando la usiku, nikafuata video ya YouTube mstari kwa mstari. Ikapiga kazi wiki mbili. Wiki ya tatu nikakubali apdeti, kerneli mpya (kiini cha mfumo) ikaingia, na ile draiva ilikuwa imeshonwa kwa vipimo vya kerneli ya zamani. Giza. Sikujua kwamba ningeshikilia tu Shift inapowaka, nikachagua kerneli ya nyuma, maisha yakaendelea. Nikaipeleka kwa fundi. Akaigeuza, akainusa (kweli, aliinusa), akasema bodi imeungua, laki na themanini. Nikatanguliza nusu!

Haya, kila mtu aseme yake. Ilikukuta wapi na ulitokaje? Wenye chai wakae na vikombe vyao.

Chumvi Kidogo
Kale kastari. KALE KASTARI. Nimeshika kifua.

Mzee wa Posta
Nyie watoto mmekuta nyama imeshaiva. Sisi CD za Ubuntu tuliletewa bure kwa posta, unajaza fomu, unasubiri wiki kadhaa, unakuta bahasha sandukuni. Huduma ikafungwa 2011. Nikaweka kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya ATI (ndiyo AMD ya leo), picha ikaja kubwa kama ya kitabu cha chekechea, 800 kwa 600, kitufe cha "OK" kiko chini nje ya kioo hukifikii mpaka ushike Alt uburute dirisha lote. Dawa ilikuwa kufungua xorg.conf, faili la mipangilio ya picha, na kuandika kwa mkono masafa ya monita. Ukikosea, monita inalia kama nyuki. Kisha tukahangaika na fglrx, draiva ya AMD, miaka na miaka mpaka Ubuntu 16.04 ikaitupa nje, zikabaki draiva huria, amdgpu na radeon. Tangu siku hiyo nanunua AMD tu. Jina Ubuntu maana yake utu, ila fglrx haikuwa na utu hata chembe.

Arch Mbagala
Tatizo ni Nvidia, siyo Linux. Hata Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, 2012, chuo cha Aalto kule Finland, aliwatolea kidole cha kati mbele ya kamera. Mambo yameisha hapo.

Dirisha Asilia
Mnajitesa na Windows ipo. Miaka kumi sijawahi kuandika amri hata moja.

Arch Mbagala
@Dirisha Asilia na miaka kumi hiyo hujawahi kulipia hata shilingi, unaomba "kreki" kila mwezi kwenye magrupu. Tulia.

Dirisha Asilia
Kreki yangu inatoa picha lakini.

Bi Mdogo wa Servers
Ya Torvalds ni ya 2012 mkuu, dunia imezunguka. Mei 2022 Nvidia walifungua moduli zao za kerneli (vipande vya draiva vinavyoingia kwenye kerneli), msimbo uko wazi.

Arch Mbagala
Kwa kadi za kizazi cha Turing kwenda juu. Ile NVS ya mleta uzi ni Fermi, kizazi cha zamani, draiva yake ya mwisho ni tawi la 390, na hilo waliacha kulihudumia mwisho wa 2022. Kwa hiyo sisi watu wa mitumba tumefunguliwa nini? Mlango wa jirani.

Bi Mdogo wa Servers
Sikusema wamekufungulia wewe.

Pwani Moja
Mie niko Mombasa. Yangu haikuwa giza, ilikuwa mzunguko. Naandika nywila, kioo kinapepesa sekunde moja, narudishwa palepale nilipoandika nywila. Naandika tena, narudishwa. Wallahi nimeitoa draiva nikaiweka mara tatu usiku mmoja, nimeshailaani Nvidia na wazazi wake. Kumbe siku moja kabla nilikuwa nimepiga startx (amri ya kuwasha picha) kwa sudo, lile faili la .Xauthority, la ruhusa ya kufungua picha, likawa mali ya root, yaani msimamizi wa mashine, mimi mwenye nyumba siwezi kuingia kwangu. Ctrl+Alt+F3, nikaingia kwa maandishi, nikaandika `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`, nikarudi, mlango wazi. Dakika moja, baada ya usiku kucha. Kwa hivyo kabla hujaiua draiva, angalia kwanza kama kosa ni lake. Na uandike `df -h` pia, diski ikijaa pomoni hufanya vituko hivyohivyo.

Chumvi Kidogo
"Nimeilaani Nvidia na wazazi wake" 😂😂

Mtaalamu wa Kijiweni
Dawa ni moja. Ukiwasha, kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua kerneli) bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, baada ya quiet splash acha nafasi uandike nomodeset, kisha F10. Picha itakuja, mbaya mbaya, lakini itakuja. Hiyo ni ya mara moja tu, ukizima imepotea. Ukishaingia, ondoa takataka zote za Nvidia, halafu `sudo ubuntu-drivers install`, mashine ijichagulie yenyewe.

Kitunguu Maji
Usifanye hivyo. Baki na nouveau, draiva huria inayokuja na Linux, usiweke chochote. Unacheza gemu gani wewe?

Mtaalamu wa Kijiweni
Nouveau kwenye laptopu yangu feni inalia kama mashine ya kusaga, na mapaja yanaiva.

Kitunguu Maji
Weka mezani sasa, nani kakwambia uiweke mapajani?

Kobe wa Kinondoni
Hameni Mint, Linux nyingine. Ina Timeshift, ukiharibu unarudi jana yake. Nimeharibu mara tisa, nimerudi mara tisa.

Bi Mdogo wa Servers
Na msome inachoandika kabla ya kukubali! 2021 yule Mkanada wa YouTube, Linus Sebastian, alikuwa anaweka Steam tu, ile programu ya gemu, kwenye Pop!_OS, Linux nyingine. Mashine ikamwambia nitafuta mazingira yote ya dawati (madirisha na menyu), ikamtaka aandike sentensi nzima kuthibitisha. Akaiandika. Kila kitu kikaondoka.

Mkwe Mwema
Humu huwa napita tu kusoma, lakini huu uzi umenitonesha kidonda.

Desemba 2021, ukweni, Tanga. Tumeenda kula sikukuu. Nina laptopu ya kadi mbili, Intel na Nvidia. Asubuhi, kila mtu anasaidia kuchambua mchele, mimi nikajifanya mjanja, nikaandika `sudo prime-select nvidia` ili itumie Nvidia, nikaiwasha upya. Kioo cheusi. Nabonyeza Caps Lock, taa yake inaitika, kwa hiyo mashine ni hai, macho tu ndiyo yamekufa.

Nikakumbuka kwamba kwenye laptopu kama hizi tundu la HDMI mara nyingi limeungwa moja kwa moja na Nvidia. Yaani kioo chake kikigoma, TV inaweza kupata picha. TV iko sebuleni, inchi 43. Mama mkwe yuko pale, mashemeji wawili, na babu mmoja ambaye mpaka leo sijui ni ndugu wa nani. Nikasema, "Mama shikamoo, naomba TV dakika tano, kuna kitu nataka kukitengeneza." Akasema marahaba baba, tengeneza, na sisi tujifunze.

Nikachomeka. Picha hiyoo! Ubuntu yangu ilikuwa inaingia yenyewe bila kuuliza nywila. Nikabonyeza Super (kitufe chenye nembo ya Windows) na P mpaka kila kitu kikahamia TV. Shemeji mkubwa akapiga makofi, akasema kweli hapa tumepata mkwe. Kichwa kikavimba. Nikafungua Firefox nitafute lile kosa, intaneti natoa kwenye simu, na Firefox kwa wema wake ikarudisha kurasa zote za jana. Mojawapo ni WhatsApp.

Arifa ikashuka juu katikati. Herufi kubwa kama tangazo la barabarani. "Fundi Bomba 2: Umefika salama mpenzi? Mbona umenyamaza."

Mama mkwe hakuwa na miwani, kwa hiyo aliisoma kwa sauti, taratibu, neno moja moja. Fundi. Bomba. Mbili. Alipofika kwenye "mpenzi" mke wangu ameshatoka jikoni na mwiko mkononi. Nilivuta waya wa HDMI kwa nguvu, TV nusura ije nao. Babu akauliza, "Kwani bomba gani limeharibika?"

Draiva niliirekebisha kwa dakika mbili, Ctrl+Alt+F3 na `sudo prime-select intel`. Hilo lingine lilisuluhishwa Februari.

Chumvi Kidogo
NIMEANGUKA KITINI. Mwiko!!!

Kobe wa Kinondoni
Babu ndiye mtu pekee mwenye busara kwenye hiyo nyumba.

Arch Mbagala
Hii ni chai. GNOME, ile sura ya dawati ya Ubuntu, inatoa arifa kwenye kioo kikuu peke yake, na kioo kikuu ni cha laptopu, ambacho umesema kilikuwa cheusi. Ingetokea gizani, hakuna ambaye angeiona.

Mkwe Mwema
Soma tena mkuu. Super na P, nikachagua kioo cha nje pekee. Kioo kikuu kilikuwa TV ya mama mkwe. Laiti ningeacha ilivyokuwa.

Bi Mdogo wa Servers
Kitaalamu yuko sahihi. Kimaadili ndio hivyo tena.

Dirisha Asilia
Kwenye Windows asingekamatwa.

Pwani Moja
Angekamatwa mapema zaidi, apdeti ingemuwashia mashine katikati ya chakula.

Kitunguu Maji
Hakuna anayeuliza la muhimu. "Fundi Bomba 2". Namba moja ni nani?

Chumvi Kidogo
Nipo pale nimekaa nasubiri jibu.

Kandambili
Wakuu, mmeniibia uzi, lakini mrejesho huu hapa. Nimekaa na dogo kwenye simu saa nzima na robo. Kumtajia nomodeset herufi kwa herufi, "n ya nanasi, o ya ohoo", akaandika nomodset, tukaanza upya. Picha ilipokuja nikamwambia aandike `mokutil --sb-state`. Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na saini mashine inapowaka, imewashwa. Nikamuuliza: ulipoiwasha baada ya kuweka draiva, hakikuja kioo cha bluu? Kilikuja, anasema, akadhani ni kirusi, akapita haraka. Ndicho hicho! Pale ilitakiwa achague Enroll MOK (kusajili ufunguo wa saini), aandike ile nywila aliyotunga wakati wa kuweka draiva. Asipofanya hivyo, kerneli inaikataa moduli ya Nvidia, haina saini inayoaminika. Tukaandika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, akatunga nywila mpya (nimemkataza asitumie ya benki), akaiwasha, bluu ikaja, safari hii hakukimbia. Sasa hivi anamalizia sura ya nne.

Mtaalamu wa Kijiweni
Angezima Secure Boot kwenye BIOS, yaishe.

Bi Mdogo wa Servers
Kila kitu kwako ni kuzima.

Kitunguu Maji
@Mkwe Mwema bado tunasubiri.

Mkwe Mwema
Fundi Bomba 1 ni fundi bomba kweli. Yuko Tabata, anaziba vizuri na hachelewi. Anayetaka namba aje PM.